Injini ya Mtumba au Ovahoo: Uzoefu Wangu na Hiace ya 5L

Gari langu ni Toyota Hiace yenye injini ya dizeli ya 5L (hilo ni jina la aina ya injini, si lita tano), ile ya sentimita za ujazo 2,986, nami hulitumia kubebea mizigo kati ya Dar es Salaam na Iringa. Injini ilipoanza kutoa moshi wa bluu na kula oili lita moja kila kilomita 400, nilishauriwa niibadilishe badala ya kuifanyia ovahoo, yaani kuifungua yote na kuikarabati, kwa hoja kwamba injini ya mtumba kutoka Japani hufungwa kwa siku mbili tu. Nilikubali kwa sababu ya haraka.

Injini niliyouziwa Gerezani iliwashwa mbele yangu ikiwa sakafuni, kwa betri na kidumu cha dizeli, ikanguruma vizuri. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, lakini hakuna aliyejua imetembea kilomita ngapi, na waranti ilikuwa ya wiki moja. Mwezi wa saba tangu ifungwe, nikiupanda mlima wa Kitonga na mzigo, mshale wa joto ulipanda hadi mwisho. Hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ilipofunguliwa tulikuta gasketi inayoziba kati yake na bloku imepakwa silikoni, ishara kwamba kuna mtu aliyewahi kuifungua kabla yetu, na njia za maji zilikuwa zimeliwa na kutu. Sikuwa na mahali pa kulalamika.

Nashukuru kwamba injini yangu ya awali sikuwa nimeiuza kama chuma chakavu. Nilipoipeleka kwa fundi wa kuchonga, yule anayepanua silinda zilizolika kwa mashine, alipitisha ukucha ndani ya silinda, ukakwama karibu na juu, pale ambapo ringi za pistoni hugeukia na kuacha ngazi. Kisha akapima kwa vifaa vyake juu, katikati na chini, akaandika kila kipimo kwenye karatasi. Bloku ya 5L ni ya chuma, si aluminiamu, hivyo inachongeka: silinda zilitolewa kipenyo cha milimita 99.5 zikafikishwa 100, zikawekwa pistoni za oversaizi ya 0.50, yaani kubwa kwa nusu milimita, na ringi zake, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikachongwa milimita 0.25 na kupewa beringi za saizi hiyo. Nilinunua pia pampu mpya ya oili na taimingi belti, nozeli za kupulizia dizeli zikapimwa. Kazi ilichukua wiki tatu na kunigharimu karibu mara moja na nusu ya bei ya ile ya mtumba, ila sikuhitaji kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari.

Kilomita 1,000 za kwanza niliiendesha bila mzigo mzito, nikamwaga oili, na tangu hapo naibadilisha kila kilomita 5,000. Sasa imetembea zaidi ya kilomita 90,000 na sijaongeza oili katikati ya sevisi.

Singemshauri hivyo kila mtu. Iwapo koni rodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, imetoboa bloku, au injini ni ya aluminiamu yenye silivu (kuta za ndani za silinda) nyembamba zisizokusudiwa kuchongwa, kama 1ZZ-FE ya petroli ya Toyota, kubadilisha ndiyo njia ya busara, mradi hedi ifunguliwe na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ipimwe kabla ya kulipa. Kwa 5L iliyochoka tu, mimi ningeanza kwa fundi wa kuchonga. Karatasi yake ya vipimo bado ninayo ndani ya gari, na chini kabisa ameandika kwamba bloku hiyo inaruhusu kuchongwa mara moja zaidi.