Muvi ni kali sana, lakini huyu dijei aliyetafsiri kaniumiza

Nimekaa na hili jambo wiki kadhaa nikijiambia litapita, halipiti, ngoja niandike tu.

Kuna laibrari moja ya muvi karibu na stendi, sitaitaja, nachukua muvi pale miaka yote, hata nikimtuma dogo na flashi wanajua waniwekee nini. Sa siku hiyo nikasema nataka muvi ya vita, ila vita kweli, sio hizi za jamaa mmoja anamaliza kambi nzima peke yake, maana naangalia na baba mdogo. Akaniwekea All Quiet on the Western Front, ile ya Wajerumani ya 2022 kuhusu Vita ya Kwanza ya Dunia, akasema hii imetafsiriwa mzee ataenjoi.

Na mwanzo mzee aliipenda, lazima niseme ukweli. Inaanza na kijana anakufa vitani halafu kamera haibaki naye, inafuata nguo zake. Wanamvua, nguo zinafungwa mabunda, zinafuliwa maji yanakuwa mekundu, kina mama wamekaa kwenye cherehani wanaziba matundu ya risasi, mwisho ile ile nguo anapewa Paul, mtoto wa shule tu kaghushi sahihi ya mzazi ili aende na wenzake. Anakuta jina la mtu mwingine kwenye kola, anarudi kuuliza, ofisa anakachana kale kalebo anakadondosha chini, anamwambia itakuwa ilimbana mwenyewe. Paul anaondoka anacheka na washkaji zake. Baba mdogo akaguna tu, mmh.

Hata dijei hapo alikuwa vizuri bana. Yule Kat, askari mkubwa kidogo kwao, alimpa sauti ya mzee wa kijiweni ikamkaa kabisa. Wakienda kuiba bata bukini kwa yule mkulima tulicheka wote, na pale Kat anaposomewa barua ya mkewe na Paul kwa sababu yeye kusoma hajui, wamekaa chooni wawili kwenye gogo, hakuongeza maneno yake. Nikasema leo nimepata mtafsiri.

Sasa ikafika kwenye shimo.

Kama umeiona unajua. Paul kaangukia kwenye shimo la bomu na askari mmoja Mfaransa, anamchoma kisu, mara kadhaa, na yule hafi. Anakoroma. Paul hawezi kuvumilia ile sauti anamjaza udongo mdomoni anyamaze, halafu dakika chache mbele ni yeye huyo huyo anautoa ule udongo, anamlowesha mdomo kwa maji, anamwomba msamaha, anakuta kwenye koti picha ya mke na mtoto wa kike. Maneno hapo ni machache mno, kitu kikubwa ni ile pumzi. Muvi nzima kwangu mimi iko pale.

Na dijei akacheka. Kacheka kile kicheko cha mashine, akasema kachinjwa kama kuku wa Krismasi, halafu mtu anakata roho jamaa anataja namba yake ya simu na muvi zinazokuja, taratibu, anairudia namba mara mbili!

Baba mdogo akasema "mwambie anyamaze", kama vile mtu yumo humo sebuleni. Nikatafuta rimoti, kabla sijaipata akasema, sio kwa kuniambia mimi, "ndo wanapumua hivyo hivyo". Akanyanyuka akatoka nje.

Baba mdogo alipigana vita ya Kagera, aliingia nayo mpaka Uganda mwaka 79, umri wake haujafika hata ishirini na mbili. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia anasema kitu kuhusu vita zaidi ya "tulitembea sana". Lile ndo neno la kwanza, na lilimtoka juu ya tangazo la namba ya simu.

Kesho yake nikaenda laibrari, kwa upole kabisa, nikamwambia ndugu yangu pale kwenye shimo mngeacha tu bila maneno. Hata hakuinua macho kwenye kompyuta. "Kaka wateja wanalala, ukitaka kimya nenda kanisani." Watu wamejaa pale, wakacheka.

Nimeitafuta ya Kijerumani nikaiangalia peke yangu usiku na hedifoni. Kama hujaiona ruka hapa. Mkataba umeshasainiwa, vita inaisha saa tano asubuhi Novemba 11, 1918, na jenerali anawatoa vijana wakashambulie ikiwa imebaki robo saa. Robo saa! Paul anachomwa kwa nyuma kwenye hiyo robo saa. Na sio Ulaya tu, huku kwetu von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alikuja kusalimisha silaha Novemba 25, huko Mbala, Zambia ya leo, wiki mbili baadaye, na wapagazi wetu, hawa waliotuachia jina la Kariakoo, walikuwa bado wana mizigo kichwani. Hao nao walikuwa na washkaji.

Nilitaka niseme muvi zilizotafsiriwa basi tena, lakini bila dijei baba mdogo asingeelewa hata neno moja, Kijerumani hajui na maandishi ya Kiingereza macho hayafiki. Nikasema nimpe 5 kwa ile sauti ya Kat. Hapana. Nikikumbuka ile namba ilivyorudiwa mara mbili nampa sifuri. Muvi yenyewe 10.

Juzi mzee kaniuliza, yule kijana alirudi kwao? Nikamwambia sijamalizia baba, tutaiangalia tena, safari hii nakutafsiria mwenyewe, na pale kwenye shimo sisemi kitu. Akakaa kidogo akasema sawa, ila iwe Jumapili mchana, usiku hapana.