Uzoefu wangu na darasa la kusomeana miswada Kampala

Ukiandika kwa Kiswahili hapa Kampala, shida yako ya kwanza ni msomaji. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Hayo ni ya kwenye karatasi. Mpe jirani hadithi yako, atakuuliza kwa nini hukuiandika kwa Kiganda au Kiingereza. Kwa hiyo niliposikia kuna darasa la Jumamosi kule Ntinda, shilingi 40,000 kwa mwezi, chai na chapati humohumo, nilituma hela kwa simu bila kuuliza mengi. Jina la darasa silitaji, maana nina malalamiko na mwenyewe namheshimu.

Unaleta nakala za kazi yako, kurasa zisizozidi tano. Watu wanasoma kimya, kisha kila mmoja anasema kwa zamu dakika 3, na simu ya msimamizi inalia muda ukiisha. Mwandishi haruhusiwi kufungua mdomo mpaka wote wamalize. Msimamizi alitueleza kwamba mtindo huu ulitoka kwa waandishi wa hadithi za kisayansi waliokuwa wakikutana mji wa Milford, Pennsylvania, kuanzia 1956. Hoja yake ina akili: kitabu kikishafika dukani, hutakuwepo kumwelezea msomaji ulichokusudia, kwa hiyo zoea kunyamaza mapema.

Sawa. Lakini sisi tulikuwa nani mle ndani? Mwanajeshi mstaafu wa makamo ya baba yangu, ambaye wote tulimwita Afande. Hajati mmoja kutoka Bombo. Kijana Mkongo anayeuza nguo Katwe. Mwanafunzi wa Makerere anayesomea Kiswahili. Na wengine wa Busia na Mutukula. Ukimweka mtu mzima kati ya watu hao, ukaanza kumsema kwa zamu naye ananyamaza, hakuna anayedhani anasikiliza. Wanatazamana: mzee amekasirika. Basi kila mmoja anayefuata anapunguza ukali, na mpaka ikifika zamu ya mwisho kimebaki "hongera, kazi nzuri sana". Sikuacha usingizi wangu wa Jumamosi kwenda kusikia hongera.

Aliyetuonyesha wazi ubaya wa mtindo huo ni yule mwanafunzi wa Makerere. Afande alileta kisa cha kambini, kimeandikwa kwa Kiswahili cha kambini, kile ambacho askari wa Uganda wanakisema tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza. Kilikuwa kisa kizuri, chenye njaa na ucheshi ndani yake. Mwanafunzi akachukua dakika zake zote 3 kusahihisha ngeli, mstari kwa mstari, kwa sauti, bila hata shikamoo. Hakuwa na nia mbaya, chuoni wamemfundisha kwamba hiyo ndiyo heshima ya lugha. Afande alikunja karatasi zake taratibu, akasema "asante, mwalimu", na Jumamosi iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo ninampa msimamizi alama. Hakutuhutubia. Alimfuata Afande nyumbani akakaa naye, halafu akaja na taratibu mpya. Masahihisho ya lugha yanaandikwa kwa penseli pembeni ya karatasi na hayasemwi mbele za watu. Mdomoni ni hadithi tu. Na kabla ya kugusa lugha unamuuliza mwenyewe: umeandika hivi kwa kusudi? Kijana wa Katwe alishukuru kuliko wote, maana Kiswahili chake cha Kongo kilikuwa kinasahihishwa kila wiki kana kwamba ni makosa ya chapa.

Ule mtindo wa kunyamaza nao ukaachwa. Sasa tunafuata hatua 4 za Liz Lerman, Mmarekani wa mambo ya dansi. Kwanza wasomaji wanasema kilichowagusa. Kisha mwandishi anauliza anachotaka kujua. Kisha wasomaji wanauliza maswali yasiyobeba hukumu. Mwisho ndiyo maoni, nayo hayatolewi mpaka uombe: "Nina maoni kuhusu mwisho wa kisa, ungependa kuyasikia?" Mwandishi anaweza kusema hapana. Ni kupiga hodi, basi, na hakuna aliyehitaji kufundishwa hodi. Afande alirudi. Ajabu ni kwamba maoni yamekuwa makali zaidi, kwa sababu aliyekaribishwa ndani haogopi kusema paa linavuja.

Yasiyonipendeza bado yapo. Hatua ya tatu watu wanaitumia kuficha matusi, nimesikia kwa masikio yangu "je, ulikusudia mhusika huyu awe mjinga?" Pia salamu na hodi zinakula muda. Zamani tulisoma kazi nne kwa siku, sasa ni mbili, na zamu yako inachelewa huku ada ni ileile.

Kulikuwa pia na ugomvi wa wizi. Wawili walileta visa vya magendo mpakani Mutukula, mmoja akadai mwenzake amemwibia wazo. Msimamizi alitoa sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 akawasomea: inayolindwa ni kazi iliyokwisha kuandikwa, wazo tupu halilindwi. Waliendelea kununiana, ila tangu hapo nakala zinakusanywa na kurudishwa kwa mwenyewe, na hakuna kupiga picha karatasi ya mtu. Kanuni hiyo ingekuwepo tangu siku ya kwanza.

Nyota nne. Ukitaka kujiunga, omba kwanza kukaa siku moja bila kulipa, wanakubali. Beba nakala zako umeshazichapa, maana mashine ya pale jengoni inatoza bei ya kitalii. Na ukisafiri katikati ya mwezi hela hairudi, wanaihamishia mwezi unaofuata.