Ukurasa mmoja kutoka Uyole hadi Kihesa: nilivyozipima modi za data redioni

Kwenye jaribio letu la pili nilituma ripoti ya mazoezi yenye mstari huu: "dawa za malaria katoni 40". Mimi niko Uyole, Mbeya. Kule Kihesa, Iringa, Mwalimu alisoma kwenye kioo cha kompyuta yake "katoni 4", kisha herufi mbili zisizoeleweka. Radi ilikuwa imepiga mahali fulani, sifuri ikamezwa. Yalikuwa mazoezi tu, lakini tulikaa kimya kidogo redioni. Tunajizoeza kwa ajili ya siku ambayo mvua imekata barabara na minara ya simu imezimika, na siku hiyo sifuri moja ni watu.

Mwalimu ni mstaafu aliyenitangulia miaka mingi katika redio ya ridhaa, yaani redio ya watu binafsi wenye leseni, isiyo ya biashara. Kila jioni namwamkia shikamoo, naye baada ya marahaba huongeza "kamwene" ya kwao. Tulikubaliana kupima modi za data, yaani namna za kutuma maandishi ya kompyuta kwa redio, kwa majuma matatu ya masika, kwa barua ileile kila mara: ukurasa mmoja, herufi kama 2,000, wenye majina ya vijiji, idadi za kaya na mahitaji. Kila mmoja wetu ana Xiegu G90 ya wati 20, laptopu, na kisanduku kidogo cha Digirig kinachounganisha sauti ya redio na kompyuta. Umeme tunatoa kwenye betri ya sola.

Niiseme antena kwanza, kwa sababu bila hiyo mengine yote hayana maana. Kati yetu kuna kama kilomita 275 kwa mstari ulionyooka, na milima haihesabiki. Redio za mkononi za VHF hazifiki. Tunatumia megahezi 7, na waya wangu wa mita 20 nimeufunga kwenye milingoti miwili, mita tano tu kutoka ardhini. Watu hunishauri niupandishe. Siupandishi: ukiwa chini, mawimbi hupanda karibu wima, yanagonga ionosfea, tabaka la juu la anga, na kurudi chini kama mvua, yakifika hata mabondeni. Ukiupandisha sana nitasikika vizuri mbali na vibaya Iringa.

Tulianza na PSK31 kwenye programu ya Fldigi, ambayo ni ya bure. Modi hii aliibuni Peter Martinez wa Uingereza, na husifiwa kwa maneno 50 kwa dakika. Barua yetu ilichukua dakika saba na ushee. Nilishangaa, nikakaa chini na jedwali lake la herufi, na hapo nikaona jambo ambalo mwandishi yeyote wa Kiswahili anapaswa kulijua. PSK31 huzipa herufi zinazotumika sana katika Kiingereza alama fupi: e ina biti 2, t ina 3. A, ambayo sisi tunaimwaga kila mahali, ina 4. K ina 8, w ina 7, z ina 9! Neno letu dogo "kwa", pamoja na nafasi za kutenganisha herufi, linakula biti 25, na kwa biti 31.25 kwa sekunde hizo ni sekunde 0.8. "The" ya Kiingereza inatumia 17. Kwa hiyo yale maneno 50 kwa dakika si yetu.

PSK125 ina kasi mara nne, na barua ilipita chini ya dakika mbili. Ndiyo hiyo iliyomeza sifuri. Haina namna ya kuuliza "umepata?", inamwaga tu herufi, na msimu wa radi kila mpasuko unachukua chake. FT8 ya Joe Taylor na Steve Franke, iliyotoka 2017, naipenda kwa kusikia vituo vya mbali, lakini ujumbe huru ndani yake ni herufi 13. FT4, ndugu yake, imefupisha zamu ya kutuma kutoka sekunde 15 hadi 7.5, ila bado haibebi barua. Hatukupoteza muda hapo.

Kisha VARA HF. Imetengenezwa na Mhispania Jose Alberto Nieto Ros, ambaye alama yake ya wito, yaani jina lake la redioni, ni EA5HVK. Ni modemu iliyo ndani ya kompyuta, na sisi tuliitumia kupitia Winlink Express, programu ya barua pepe za redioni, kituo kwa kituo bila kupitia lango lolote. Badala ya sauti moja inayokimbia, VARA hugawa data kwenye sauti nyembamba 52 zinazotoka kwa pamoja ndani ya upana wa hezi 2,300. Fikiria watu 52 wakiteremsha ndizi kutoka shamba la mlimani Rungwe, kila mmoja na mkungu wake: hakuna anayekimbia, lakini shamba linaisha mapema. Mpokeaji akikosa fungu, anaomba lirudiwe. Hali ikiwa nzuri kasi inapanda ngazi kwa ngazi, ikichafuka inashuka. Ngazi ya juu kabisa inafika biti kama 7,000 kwa sekunde, lakini kwa wati 20 sisi hatujaikaribia.

Toleo la bure limewekewa breki, na kwa hilo barua ilichukua dakika mbili hivi, bila kosa hata moja. Hapo tukaamua kulipia wote wawili. Tulilipa dola 69 kila mmoja, na ufunguo unafungwa na alama yako ya wito.

Jioni ya kwanza baada ya kulipa, kasi ilibaki palepale. Iliniuma, maana hizo si pesa ndogo. Nikabadilisha waya, nikazima na kuwasha, hakuna. Mwalimu akaniandikia: "Kijana wangu, ishara yako imechafuka. Punguza sauti." Nilikuwa nimeachia sauti ya laptopu juu kabisa, kiashiria cha ALC, kinachoonyesha redio inapozidiwa na sauti inayoingia, kimelala mwisho. Sauti 52 zikipanda pamoja zinapiga kilele kirefu, redio inakikata, na kile kilichokatwa kinamwagikia sauti za jirani. Nilishusha polepole hadi ALC ikawa inagusa tu. Nguvu inayotoka ilipungua kwenye mita, na kasi ikapanda papo hapo. Nilifungua pia chujio la kupokelea, ambalo nilikuwa nimelibana siku za PSK31. Tangu hapo, mchana, ukurasa unafika chini ya dakika moja, salamu za mashine zikiwemo. Jioni yenye radi inaweza kufika dakika mbili na nusu. Katoni 40 zimebaki 40 kila mara.

Faida nyingine sikuitarajia: betri. Dakika saba za PSK31 mfululizo zinaipasha moto G90 hadi mgongo wake haushikiki. VARA inasema, inasikiliza, inamaliza.

Nina manung'uniko nayo. Imeandikwa kwa Windows, ukiwa na Linux lazima uizungushe kupitia Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux. Ndani yake hakuna anayeona, kwa kuwa msimbo si wa wazi, na mimi ningependa chombo cha dharura kiweze kutengenezwa na yeyote pale mwenyewe asipokuwepo. Tena ni mazungumzo ya vituo viwili tu.

Kwa hiyo JS8Call ya Jordan Sherer, programu nyingine ya kutumiana maandishi redioni, haijaondoka kwenye laptopu yangu. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ujumbe mmoja unasikika kwa wote walio hewani. Ina mwendo wa pole, wa kawaida, wa haraka na wa turbo, ambao zamu yake ni sekunde sita. Turbo ilitufaa mchana. Lakini saa kumi na moja alfajiri, ionosfea ikiwa imekonda kuliko wakati wote, VARA iliita na kuita bila kuunganika. Nikaweka JS8 kwenye pole, zamu za sekunde 30, nikaandika: "MVUA IMEACHA NJIA IKO WAZI". Nilisubiri nikiwa nimejifunika blanketi, baridi ya Uyole mnaijua. Sikuweza hata kusikia ishara ya Mwalimu kwa sikio, lakini jibu lake lilijitokeza kipande kwa kipande: "NIMEPATA YOTE". Angalia tu saa ya kompyuta yako. Ikikosea kwa sekunde kadhaa hakuna kinachosomeka, na siku intaneti imekatika itakubidi uirekebishe kwa GPS.

Watu wameniuliza kwa nini modi hizi zinazungumzwa sana sasa. Marekani ilikuwa na kikomo cha baudi 300, yaani mabadiliko 300 ya ishara kwa sekunde, kwa data kwenye HF, masafa kama haya yetu ya megahezi 7, na mwaka 2023 wakakiondoa, wakaweka kikomo cha upana wa kilohezi 2.8. Hapa kwetu anza na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na kumbuka redio ya ridhaa si mahali pa kuficha ujumbe kwa msimbo wa siri.

Kama una dola 69 na antena yako bado iko dukani, nunua waya. Toleo la bure la VARA litakutosha hadi ALC yako itulie. Sisi sasa tunakata waya wa mita 40 kwa ajili ya megahezi 3.6, tuone kama ile saa kumi na moja alfajiri VARA nayo itapita.