Kipchoge ama Kiptum, nani mkali wa marathon?

Hii stori ya nani mkali kati ya Eliud Kipchoge na Kelvin Kiptum haiishi, na wengi wanaangalia taimu peke yake. Sawa, Kiptum alivunja rekodi ya dunia kwa 2:00:35 kule Chicago Oktoba 2023, na iliyovunjwa ni ya Kipchoge, 2:01:09 ya Berlin 2022. Lakini cheki vile walikimbia. Kipchoge Berlin alitoka na moto, nusu ya kwanza 59:51 halafu ya pili akapungua hadi 61:18. Kiptum ni kinyume kabisa, Chicago alifika nusu kwa 60:48 alafu akamaliza na 59:47, yani kilomita ya 30 pale wenzake miguu imekuwa mizito ndo yeye anaanza kuongeza, na London mwezi Aprili mwaka huohuo alifanya vilevile.

Sasa kudumu ni kwa Kipchoge, hapo hakuna ubishi. Dhahabu ya dunia mita 5000 Paris 2003 akiwa na miaka 18, akawapita wakali wa mbio El Guerrouj wa Morocco na Bekele wa Ethiopia jameni, halafu dhahabu mbili za marathon Olimpiki.

Kiptum alikimbia marathon tatu tu, zote akashinda, Februari 2024 akafariki akiwa na miaka 24 kwa ajali ya gari pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Inaniuma hadi leo. Kwa medali nachukua Kipchoge, kwa mbio za barabarani nampa Kiptum.