Kilenzi cha kubana kwenye simu kwa kupiga nyuki, uzoefu wangu

Wengi mnaniuliza picha zangu za nyuki napigia kamera gani, jamani kamera sina, ni simu tu na hichi kilenzi chenye kibanio kama cha kuanikia nguo, nimekitoa sokoni Darajani hapa Unguja kwa 25,000 na yule muuzaji alianzia 40,000 kwa hiyo mkienda vutaneni.

Kwanza mjue zile ni lenzi mbili zimepandana, ya juu ya kupiga eneo pana, ya chini ndo makro yenyewe, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Usipoizungusha ile ya juu ukaitoa utaona picha imepinda pembeni na utasema umeibiwa. Ukishaitoa hapo ndo uhondo yakhe. Mimi niko Fuoni, bi mkubwa kapanda mirehani uani kwenye madebe, na mrehani ukishatoa maua huna haja ya kutafuta nyuki, wanakuja wenyewe. Nina picha moja nyuki kainamia ua, manyoya ya mgongoni unayaona mmoja mmoja, chavua kaifungasha miguu ya nyuma imekuwa kidonge, halafu utosini vile vijicho vitatu, maana nyuki ana macho matano, mawili makubwa ya pembeni na hivyo vitatu vidogo juu, nilikuwa nikisikia tu leo naviona kwa simu ambayo hata deni lake sijamaliza!

Ubaya sasa. Lazima usogee mpaka sentimita tatu hivi, ukirudi nyuma kidogo ukungu mtupu, na kinachotoka safi ni kipande chembamba sana, jicho likikaa sawa bawa limefifia. Kwa hiyo shikilia kidole kwenye skrini mpaka fokasi ijifunge, kisha wewe mwenyewe ndo usogee mbele na nyuma taratibu huku simu inapiga mfululizo, baadae utafute moja ya maana, zilobaki futa tu. Nenda asubuhi na mapema, nyuki bado mzito. Upepo wa kusi ukishaanza ua halitulii, mimi hushika kikonyo kwa mkono wa kushoto, na nyuki wala hana habari na wewe akiwa kazini, lakini mzingani usiende nacho, sentimita tatu na mlango wa nyuki skwambii.

Yale manyuki meusi makubwa yanayotoboa mbao kilenzi hichi hakiyawezi. Kwenye ua la bilingani linaling'ang'ania na kulitetemesha mpaka chavua imwagike, mngurumo unausikia kabisa (nyuki wa asali hana ujuzi huo), na ukisema usogee lishaondoka. Hao nawapiga kwa mbali bila lenzi.

Wenye simu za kamera tatu, ukisogea karibu simu inahamia kamera nyengine yenyewe na lenzi inabaki imeziba bure, hiyo ya kujihamisha kaizimeni kwenye setingi. Na unyevu wetu huu kioo kinashika kuvu haraka, mimi nakiweka kwenye kikopo na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Nakipa nne kwa tano. Hiyo moja nimekata kwa ajili ya kibanio, mpira wake umeanza kulegea na ukiinamisha simu lenzi inateleza, mimi sasa nakaza na rababendi.