Seti ya kuskani maziwa ya watoto njiti: skana safi, lebo ndiyo tatizo

Seti hizi, tunazozitazama hapa kwa hospitali za Dar es Salaam, huwa na skana ya mkononi, printa ya lebo, bangili za watoto na programu. Kazi yake ni kuzuia mtoto asipewe maziwa ya mama mwingine, kosa linaloweza kuwapeleka wahusika kwenye vipimo vya VVU na homa ya ini B.

Mama akishakamua, lebo inachapwa palepale. Wakati wa kulisha, muuguzi anaskani bangili ya mguuni kwa mtoto, kisha maziwa. Yasipolingana, au muda ukipita, programu inagoma. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inaruhusu hadi saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 (Dar bila AC, sahau), siku 4 kwenye friji, na saa 24 kwenye friji kwa yaliyoyeyushwa. Huo ni muda wa watoto wenye afya waliozaliwa kwa wakati. Kwa njiti programu iruhusu kuupunguza.

Sasa lebo. Kwa unyevu wa jiji hili, chupa ikitoka kwenye friji inatokwa jasho: karatasi inalowa na kubanduka, na maandishi ya printa isiyo na utepe wa wino huharibika kwa joto. Dai lebo za plastiki, utepe wa resini na printa ya nukta 300 kwa inchi. Msimbo unaosomwa na skana uwe wa mraba, kama wa QR. Ule wa mistari ukizungushwa kwenye bomba jembamba la sindano, nusu yake inajificha nyuma. Skana ya leza ya dukani, ile ya bei rahisi Kariakoo, haisomi msimbo wa mraba, kwa hiyo hapo hujaokoa hela.

Kosa hasa huingia maziwa yanapohamishwa kutoka chupa kwenda bomba la kulishia. Programu isiyolazimisha kuskani chupa kabla ya kutoa lebo ya bomba, usinunue. Mapacha nao wapewe namba tofauti, maana wote wawili huandikwa “Mtoto wa Neema”. Na ukikuta bangili ya ziada imebandikwa ukutani ili iskaniwe haraka badala ya ile ya mguuni, mfumo umeshakufa.

Skana pia haioni mpira wa kulishia unakoelekea: maziwa sahihi bado yanaweza kuunganishwa kwenye mshipa. Hilo linazuiwa na viunganishi vya ENFit, vya mipira ya kulishia tu na visivyoingia kwenye mipira ya mshipa, vinavyonunuliwa kando. Ongeza UPS (betri ya akiba), na fomu ya karatasi yenye saini za wauguzi wawili kwa siku umeme ukikatika.