Matembezi ya Uhindini, Dar es Salaam: maduka ya chini, makazi ya juu

Jumamosi iliyopita nililipa ada ya matembezi ya miguu ya saa tatu katikati ya Dar es Salaam, katika eneo ambalo wengi wetu bado tunaliita Uhindini. Mada yake ilikuwa moja tu: majengo madogo ya biashara, yale ya ghorofa moja au mbili ambayo chini yana duka na juu yana makazi. Tulikuwa watu 9, wote wakazi wa jiji, na kiongozi wetu alizungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kwa huduma za aina hii nalitaja kwa shukrani.

Tulianzia Boma la Kale, lililojengwa wakati wa Sultani Majid katika miaka ya 1860. Mwanzoni nilidhani ni desturi tu ya kuwaonyesha wageni jengo kongwe, lakini kiongozi alikuwa na sababu yake. Alituonyesha kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, kisha akatueleza kwamba boriti za mikoko haziwi ndefu, na kwa sababu hiyo chumba kilichoezekwa kwa boriti hizo hakikuweza kupanuliwa zaidi ya mita tatu hivi. Baada ya hapo, kila tulipokutana na duka la zamani lenye uso mwembamba na kina kirefu, tulielewa kwamba fundi alikuwa amebanwa na urefu wa mti.

Kipindi cha Wajerumani alikipitia kwa haraka, na mimi ningependa akae nacho zaidi. Mji ulifanywa makao makuu ya koloni mwaka 1891, reli ya kati ikaanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat na Kachchh, magharibi mwa India, ambao baadhi yao walikuwa tayari na maduka Zanzibar na Bagamoyo, wakaifuata bandari na reli. Alikuwa makini zaidi alipofika miaka ya 1930, ambapo saruji na nondo viliruhusu fremu pana, roshani zinazotokeza juu ya njia ya waenda kwa miguu, na kona za majengo zilizoviringwa kwa ustadi. Alituvusha barabara mara kadhaa ili tuone sehemu za juu, na juu ya kingo za mapaa tukasoma miaka ya ujenzi iliyochongwa kwenye lipu. Mitaa hii nimeipita tangu nikiwa mwanafunzi, nikinunua vitambaa vya sare, na kamwe sikuwahi kuisoma miaka hiyo.

Katika duka moja la vitambaa kiongozi alimwamkia mwenye duka, "Shikamoo mzee," naye akaitikia, "Marahaba, karibuni ndani," akatuonyesha rafu za mbao zinazofika darini, stoo ya nyuma, na ngazi inayopanda hadi nyumbani kwake. Ndiyo maana nashauri matembezi haya yabaki siku ya Jumamosi, ingawa kuna msongamano wa magari, kwani Jumapili maduka mengi hufungwa na mgeni hataona zaidi ya milango.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ilikuwa ile ya sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo. Serikali ilichukua nyumba zilizopangishwa zenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea, ikaziweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye majukumu yake yalihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kwa kigezo hicho cha thamani, majengo mawili yanayogusana ukuta yangeweza kupata hatima tofauti: la ghorofa likawa la umma, na kiduka cha jirani kisicho na ghorofa kikabaki kwa mwenyewe. Wapangaji walilipa kodi ndogo, matengenezo yakapungua, na ili kupata nafasi ya kuingia watu wakazoea kulipana kilemba. Baadaye, ujenzi wa ubia kati ya shirika na wawekezaji uliondoa mengi ya majengo hayo, na maghorofa marefu yakasimama mahali pake. Tulisimama pia Mtaa wa Indira Gandhi, ambako ghorofa refu lililokuwa likijengwa liliporomoka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36. Kiongozi hakuongeza maneno mengi hapo, na alifanya vizuri.

Nina malalamiko mawili. Kipeperushi tulichopewa kinasema kwamba majengo hayo yalitwaliwa mwaka 1967. Kosa hili si dogo, kwa sababu mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, zilitaifishwa benki na baadhi ya makampuni makubwa, ilhali nyumba za kupangisha zilifuata miaka minne baadaye kwa sheria yake yenyewe. Anayetegemea kipeperushi hicho hataelewa kwa nini mtaa mmoja una wamiliki wa aina mbili.

La pili ni kwamba matembezi yanaishia Mnazi Mmoja. Waingereza waliuacha uwanja huo wazi ili kutenga sehemu ya Waafrika na mji wa biashara, na upande wa pili iko Kariakoo, iliyolichukua jina lake kutoka kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko nako kulikuwa na maduka madogo, katika nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ambapo chumba cha mbele kilitobolewa mlango wa barabarani kikawa duka. Nyumba hizo zimebomolewa kwa kasi isiyopungua ile ya Uhindini, na kuzieleza kunahitaji mtu mwenye macho kama ya kiongozi wetu. Kusimama mpakani na kugeuka kurudi ni kuufuata mstari uleule uliochorwa na wakoloni.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam ada ni ya haki, na ningewapeleka wazazi wangu bila kusita, mradi wavae viatu vya kutembelea na waanze saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Nilipomuuliza kiongozi kuhusu Kariakoo, alisema njia hiyo anaiandaa. Itakapofunguliwa, nitalipa tena.